Asali Iliyokosa Kwa Ngozi ya Kanana

Juzi nilirudisha funguo ya chumba cha kufunga vidonda, na sista mkuu akaniambia, "Mzee Gitonga, kabla uende, andikia hawa vijana kitu. Wasome, wajifunze." Nikamuuliza niandike nini, na mimi shule niliacha kidato cha pili, tena katikati ya sura ya panzi kwa kitabu cha biolojia. Mpaka leo najua miguu ya panzi vizuri, lakini hakuna mgonjwa amewahi kuniletea panzi. Sista akasema, "Andika tu vile unaongea." Sasa hiyo ndiyo shida. Nikianza kuongea hata chai inapoa.

Jina Gitonga kwetu Githongo maana yake ni tajiri. Wazazi wangu walikuwa watu wa matumaini. Kahawa ikawa haina maana, karo ikakosa, nikaja hospitali hii mwanzo wa miaka ya tisini kutafuta kazi ya jikoni. Kule jikoni nafasi ilikuwa imejaa. Nikaambiwa, "Enda pale mlango wa kijani, kuna mzee anataka mtu wa kushika beseni." Nikafikiri ni beseni ya sukuma wiki.

Huyo mzee alikuwa Njiru, Mumbeere wa kule chini Embu kwenye joto. Alikuwa mwembamba kama mti wa dripu, na alikuwa amefunga vidonda tangu sijazaliwa. Akanipa beseni, akafungua bandeji ya mguu wa mwanamume mmoja aliyejikata na shoka. Mimi nikaangalia mara moja tu. Kitu kingine nakumbuka ni kuamka nikiwa kitandani, na yule mgonjwa wa shoka amesimama na mguu mmoja, ananipepea na kofia yake. "Pole kijana," akaniambia. "Utapona." Njiru hakucheka. Alisema tu, "Kesho kuja ukiwa umekula."

Njiru alinifundisha kazi yote na sentensi moja. Alisema, "Bandeji haivutwi. Bandeji inaombwa." Nyinyi vijana mko na dawa za kunyunyiza, mnapuliza na plasta inatoka yenyewe. Sisi tulikuwa na birika. Birika ya kawaida ya chai, ya bati, mdomo mrefu, ndani maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa kidogo. Unamwaga polepole kwa ile gozi, kitambaa cha bandeji, imeshikana na kidonda, unangoja, unamwaga tena, unamuuliza mgonjwa habari ya ng'ombe. Akifika kwa ng'ombe ya tatu bandeji imeachilia. Tuliipaka hiyo birika rangi nyekundu, kwa sababu siku moja mhasibu aliingia kujimiminia chai, akapata maji ya chumvi, akasema chai ya idara yetu imeharibika.

Sasa nije kwa Kanana, kwa sababu huyo ndiye alinionyesha kazi hii ni nini.

Kanana alitoka Kibirichia, kwa viazi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mfupi sana, anacheka haraka, na ulimi kama wembe. Aliletwa na mamake akiwa ameumizwa na ukingo wa debe. Wewe au mimi debe likitugonga tungepata alama tu. Yeye ngozi ya mbele ya mguu ilifunguka kama bahasha. Daktari kijana aliyekuwa zamu akashona. Akivuta uzi, uzi unapita katikati ya ngozi kama waya kwa sabuni. Akashona tena pembeni, ikapasuka tena. Jasho likaanza kumtoka.

"Daktari," Kanana akamwambia, "ukimaliza huo mguu nakuletea na gunia. Hizo unaweza."

Tukamwita Daktari Wanja, mama wa Embu, mtaalamu wa ngozi, aliyekuwa amesomea ng'ambo na hakurudi akiongea na mapua. Aliangalia magoti ya Kanana yenye makovu mapana, mepesi kama ganda la kitunguu. Akashika ngozi ya kiwiko, akaiinua pole. Ikaja. Ikaendelea kuja. Akaiachilia, ikarudi polepole kama mtu ameitwa na hataki. Kisha akamwambia akunje kidole gumba, na kikalala mpaka kwa kifundo cha mkono.

"Hii nilikuwa nafanya shuleni," Kanana akasema. "Watoto wananipatia ndizi."

Daktari Wanja hakushona. Alifunga na vipande vya plasta, moja moja, akasema zikae mara mbili ya siku za kawaida. Halafu akakata kipande kidogo cha ngozi, kama punje ya mtama, akampa profesa mgeni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, kwa maabara ambapo wanaweza kuotesha ngozi ndani ya chupa. Mimi nikamuuliza kama wanaweka mbolea. Akaniambia nirudi kwa birika yangu.

Tukingoja jibu, kazi yangu ilikuwa kuzuia Kanana asipasuke. Nilienda kwa timu ya mpira ya hapa Makutano nikaomba soksi ndefu za zamani, nikashonea sponji ya godoro ndani, mbele ya mguu. Timu yenyewe ilikuwa inafungwa kila Jumamosi, kwa hivyo soksi zilikuwa hazijatumika sana. Kanana akazivaa akaenda kuvuna viazi. Kule Kibirichia wakamwita Beki. Alikuwa anajibu, "Heri beki kuliko kidonda," na soksi zikasaidia kweli. Vijana, shikeni hiyo: sponji ya godoro, na mshono uangalie nje.

Mahindi yalipandwa, yakavunwa, ndio jibu likakuja. Daktari Wanja akatuita, Kanana, mamake na mimi, kwa sababu mama Kiswahili kilikuwa kinamkimbia na mimi ndiye wa kutafsiri Kimeru. Akaeleza hivi. Ngozi imefumwa na nyuzi. Nyuzi zenyewe ni protini. Kuna protini nyingine ndogo, kazi yake ni kupanga hizo nyuzi zikae vizuri, zishikane. Hiyo ndogo, kabla itoke kwenda kazini, mwili unaifungia mkia wa sukari, mnyororo mrefu wa sukari. Ule mkia ndio unaisaidia kufanya kazi. Kwa Kanana nyingi zinatoka bila mkia, kwa sababu kile kinachofunga kiungo cha kwanza ni kibovu, na alizaliwa hivyo. Baba alibeba hitilafu moja, mama akabeba moja, wao wenyewe wazima. Kanana akapata zote mbili.

Nikatafsiri vizuri, naapa. Mama akatikisa kichwa, akasema ameelewa kabisa. Hapo ningefaa kushtuka. Hata mimi sikuwa nimeelewa kabisa.

Nyinyi mnajua desturi yetu: mgonjwa haendewi mikono mitupu. Unabeba sukari na majani. Sasa Kibirichia kusikia kwamba Kanana amekosa sukari kwa ngozi, ikawa mara ya kwanza zawadi na dawa ni kitu kimoja. Akina mama wa kanisa walikuja na pakiti. Majirani wakaja na pakiti. Siku ya kliniki mama akaingia amekasirika.

"Daktari, sukari imekataa."

"Sukari gani, mama?"

"Si ile ulisema imekosa? Tumempatia mpaka kijiko kinasimama kwa chai."

"Daktari, nisaidie," Kanana akalia. "Ananiwekea mpaka kwa viazi! Jana ameweka kwa kabichi!"

Daktari Wanja alifunika uso na mikono, mabega yakawa yanaruka. Akijituliza akasema, "Mama, sukari ya kula mwilini iko ya kutosha. Ni kama mtu anajenga. Mawe yapo, simiti iko. Fundi wa kuweka simiti ndiye hafanyi kazi. Ukileta simiti lori nzima, itakaa tu hapo nje."

Mama akafikiria. "Na huyo fundi anapatikana wapi?"

"Hajapatikana, mama. Hata Ulaya hawajui vile watamrekebisha."

Hapo hakuna mtu alicheka. Mama akauliza polepole, "Kwa hivyo haitapona?"

"Haitapona. Lakini haiambukizi mtu. Si ukoma, si laana. Akijilinda ataishi nayo."

Mama akashika mkono wa Kanana, wakatoka. Zile pakiti za sukari alituachia. Idara yetu ilikunywa chai tamu mpaka mhasibu akasamehe.

Sasa, Kanana alikuwa na mchumba. Aliitwa Mutuma, dereva wa lori la viazi, mrefu kama Kanana mara mbili. Walipendana hivi kwamba alikuwa anamsindikiza kliniki na lori nzima imejaa viazi, anaegesha mbele ya mochari. Lakini harusi ilikuwa imekwama, na Kanana alinieleza sababu siku moja nikimwaga birika.

Watu wa Mutuma walikuwa wameenda kwao kwa ruracio, ile siku ya kupeleka mali ya kuoa. Kwetu Meru, hata ulete nini, kuna vitu lazima: kondoo jike, kondoo dume, mtamba, fahali, na mtungi wa asali. Hao walileta wanyama wote, wanono. Asali ikakosa. Walisema jua kule Tharaka limefukuza nyuki, tutaileta baadaye. Wajomba wa Kanana wakakataa kuwakalisha. Wageni wakasimama nje kwa ukungu wa Kibirichia, na ule ukungu unajua mahali shati limefunguka. Baadaye wakaruhusiwa chai, wamesimama. Kanana akitembeza chai, soksi moja ikashuka, na shangazi ya Mutuma akaona mguu.

Huyo shangazi aliitwa Karambu. Alikuwa anauza nguo Makutano, na sauti yake ilikuwa haihitaji duka. Alimlea Mutuma tangu mamake afariki, kwa hivyo bila yeye hakuna harusi. Akaweka kikombe chini. Akasema asali haitoki mpaka ajue hiyo miguu ina nini, kama ni ukoma au ni laana.

"Gitonga," Kanana akaniambia, "huyo mama amekalia asali yangu." Akajaribu kucheka, ikakataa. Ilikuwa mara ya kwanza naona hivyo. "Mutuma anasema tutoroke. Mimi sitaki kutoroka. Nikitoroka watasema ni kweli."

Nikamwaga maji ya chumvi na sikuuliza habari ya ng'ombe.

Ni yeye mwenyewe aliamua. Alimwambia Daktari Wanja, "Waite hapa. Nakubali uwaambie kila kitu nikiwa nimekaa." Wakakuja siku ya soko. Mutuma, amevaa tai. Mzee M'Ikiara, baba mdogo wake, msemaji wa ukoo, na miraa kidogo shavuni kwa ajili ya kusikiza vizuri. Na Karambu.

Kanana akanyoosha mkono kusalimia. "Muga, shangazi."

Karambu akazungusha leso kwa mkono wake kwanza, kama mtu anashika sufuria ya moto, ndio akamsalimia. Kisha akanigeukia. "Wewe wa plasta. Iko spiriti?" Nikampa. Akaosha mikono mpaka viwiko, mbele ya kila mtu. Kanana alikuwa anaangalia dirisha.

Daktari Wanja akaanza. Nyuzi, protini, mkia wa sukari. M'Ikiara akatafuna polepole. Karambu akangoja amalize.

"Sukari kwa ngozi," akasema. "Kwani huyu ni mandazi?"

"Mama, kila mtu ako nayo. Hata wewe."

"Mimi? Mimi nilipimwa sukari, sina."

"Si hiyo—"

"Hii ni ukoma umefunikwa na Kizungu."

Nikaona Daktari Wanja anachoka, nikaamua kusaidia. Hapo ndipo nyinyi vijana mjifunze kukaa kimya. Nilichukua bandeji mbili nikasema hizi ni nyuzi, nikachukua plasta nikasema hii ni sukari, nikaanza kuonyesha vile zinashikana. Plasta ikashika shati langu. Nikivuta, bandeji ikazunguka shingo. Nikigeuka, nikafunga mkono wangu kwa kiti.

"Na huyu anaumwa na nini?" Karambu akauliza.

"Huyo ni mzima," Daktari Wanja akasema. "Ndio ubaya."

Mutuma akanifungua. M'Ikiara akauliza swali la maana: "Na watoto?"

Daktari Wanja hakumdanganya. Alisema mtoto huugua akipokea hitilafu pande zote mbili. Kanana atatoa moja, hiyo lazima. Kama Mutuma hana, watoto watakuwa wazima. Kama anayo, hakuna mtu anaweza kuona kwa macho. "Ni ugonjwa wa nadra sana. Siwezi kuapa, lakini singekosa usingizi."

"Daktari," Mutuma akasema, "mimi nateremsha lori kutoka Kibirichia kila siku, na breki najua mimi na Mungu. Hiyo ndio nitaogopa?"

"Wewe nyamaza, umerogwa na soksi," Karambu akasema, na akaanza kusimama. Ikawa imekwisha. Niliona mkono wa Kanana umeshika ukingo wa benchi.

"Mzee M'Ikiara," Kanana akasema, "kabla muende. Ile siku mlikuja kwetu, mlileta nini?"

Mzee akashangaa. "Si uliona? Mtamba. Fahali. Kondoo wawili."

"Wanyama walikuwa wabaya?"

"Wabaya! Yule fahali hata chifu hana."

"Basi mbona hamkukalishwa?"

M'Ikiara akakohoa. "Asali haikuwako."

"Ng'ombe wapo, kondoo wapo, watu wa pande mbili wako kwa boma moja. Lakini kila mtu amesimama kivyake, hakuna anayemshika mwenzake, mtu akisukumwa kidogo anaanguka nje. Kwa sababu ya asali tu." Akavuta soksi zote mbili chini, mpaka kwa viatu. "Ngozi yangu ni hivyo. Kila kitu kililetwa. Kilichokosa ni asali. Sijaiba, sijalaaniwa, sikuambukizwa na mtu. Ilikosa tangu siku ya kwanza, na nimesimama kwa ukungu miaka yangu yote."

Miraa ilisimama kwa shavu la M'Ikiara. Akaangalia ile miguu muda mrefu. Kisha akaanza kutikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu ameona mlango kwa ukuta.

"Kwa hivyo," akasema, "mwili wake umekosa kuleta asali."

"Ndio, mzee," Daktari Wanja akasema. Alikuwa ameacha kuandika. "Hiyo ni sawa kabisa."

"Na sisi pia tumekosa kuleta."

Mzee akatoa miraa shavuni.

"Ukoo mzima, wenye mikono na miguu, tumeshindwa na asali, halafu tunauliza ngozi ya msichana mbona imeshindwa." Akageuka. "Karambu. Nyuki wa Tharaka wamerudi?"

"Asali... iko," Karambu akasema. Ile sauti ya Makutano ilikuwa imeshuka bei.

"Iko wapi?"

"Kwangu. Chini ya kitanda."

"Tangu lini?"

"Tangu kitambo."

Mutuma akakaa chini. Kanana akaniangalia, na ule wembe ukarudi machoni. Si alisema amekalia asali? Alikuwa amekosea kidogo tu, huyo mama alikuwa ameilalia.

Mtungi ulipelekwa Kibirichia, na Daktari Wanja na mimi tukaalikwa. Ilikuwa imenyesha, njia ya shambani ni utelezi mtupu. Karambu ndiye alibeba asali, hakukubali mtu mwingine. Wajomba wakaonja, wakaonja tena kuhakikisha, mmoja akahakikisha sana. Halafu viti vikatolewa, na watu wa Mutuma wakakalishwa ndani, kwa joto. Mimi nikakalishwa karibu na sufuria ya mukimo, nikaona kazi ya hospitali si mbaya.

Sitawadanganya kwamba Karambu alibadilika siku hiyo. Alikula mbali na Kanana, na leso ilikuwa karibu. Asali hufungua mlango, haimbebi mtu mpaka ndani.

Walioana. Kanana alizalia hapa kwetu, kama Daktari Wanja alivyoagiza, na tukakaa chonjo siku hizo zote. Mtoto alitoka na ngozi imeshika kama ya ngoma, na urefu wa babake. Mama mtu alichukua muda kupona, kama tulivyotegemea, na mimi nikapewa kazi ya kidonda cha mguu alichopata kwa kona ya kitanda chetu wenyewe. Kitanda cha hospitali! Kanana akasema ametembea Kibirichia yote salama akaja kuumizwa na wenye soksi.

Asubuhi moja nikaingia na birika yangu nyekundu nikapata Karambu ameketi kando ya kitanda, mtoto amefungwa mgongoni na ile leso. Nikasalimia, nikafungua kifuniko cha trei, nikanyoosha mkono kwa bandeji.

"Wewe wa plasta!"

Nikasimama.

"Umeosha mikono?"

"Nimeosha, mama, huko nje."

"Huko nje sikuona. Osha hapa. Na spiriti. Mpaka viwiko." Nikaosha mbele ya wodi nzima, wagonjwa wamekaa kama wako sinema. Kanana alikuwa amejifunika shuka mpaka macho, na shuka ilikuwa inatetemeka.

"Sasa njoo," Karambu akasema. "Na hiyo bandeji usivute. Huyu ngozi yake haina asali. Inaombwa."

Njiru alikuwa mlangoni, anangoja beseni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona meno.

Nikamwaga maji polepole. Karambu alikuwa ameshika mguu wa Kanana usitingishike, kwa mikono yote miwili, mitupu, na ndiye aliyeanza kumuuliza habari ya ng'ombe.